Duka la Chapa Nyuma ya Barabara ya Biashara: Kijitabu cha Kumbukumbu ya Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, akazikwa Likoni siku hiyohiyo baada ya swala ya Ijumaa, na kwa wiki tatu zilizofuata mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta mtu wa kutuchapishia vitu viwili: vijitabu vya Sura ya Yasini vya kusomwa siku ya hitima ya arobaini, na kijitabu cha wasifu wake ambacho jamaa wangebaki nacho majumbani. Nilipouliza watu wapi pa kwenda, kila mmoja alinitajia bei, lakini hakuna aliyenieleza kazi yenyewe hufanywa vipi wala mteja awe macho na jambo gani. Ndiyo sababu nimeandika tathmini hii kwa urefu.

Duka nililolichagua liko katika kichochoro kinachoingia Mji wa Kale wa Mombasa kutoka upande wa Barabara ya Biashara, ukishayapita maduka ya leso. Silitaji kwa jina, kwa kuwa nitaeleza makosa yake pamoja na mazuri yake, na duka la watu watatu huweza kuzamishwa na lalamiko moja lililosomwa nusunusu. Wanaofanya kazi hapo ni mzee mwenye duka, kijana wa kompyuta na msichana anayekunja karatasi, akazipiga pini na kupokea pesa. Anayekifahamu kichochoro hicho atalitambua kwa kishindo cha mashine ya kukatia karatasi, ambacho husikika kabla mlango haujaonekana.

Yafaa kwanza nieleze kwa nini kijitabu kilikuwa jambo zito kwetu. Kwa desturi ya kwetu, wanawake hatuendi kaburini siku ya maziko. Wanaume walilifuata jeneza, wakamtilia kaka mchanga kila mmoja mara tatu, wakarudi wakiwa na cha kusimulia: nani alishuka mwanandani, nani alisoma talakini, watu walikuwa wengi kiasi gani. Sisi tulibaki ndani na birika za kahawa na wageni wanaoingia na kutoka. Mama alikaa juu ya mkeka mpaka magharibi bila kusema lolote, kisha akasema sentensi moja tu kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa: “Mwana huyu nimemvyaa mimi, na mtanga nalitaraji anitilie yeye.” Sentensi hiyo niliiandika nyuma ya risiti ya duka la dawa ili nisije nikaisahau, na ndiyo niliyoingia nayo dukani.

Siku ya kwanza sikuridhika. Kijana wa kompyuta alinipokea kwa adabu, akanipa pole, kisha akanifungulia wasifu uliokwisha kuandikwa, ambao mteja anatakiwa kujaza majina na tarehe tu. Marehemu katika wasifu huo alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu wa rika zote, mcha Mungu, na pengo aliloliacha halingezibika. Nilipousoma nilimwona kila mtu aliyewahi kufa Mombasa isipokuwa kaka yangu. Simlaumu kijana, maana wateja wengi huja wakiwa wamechoka na hawana nguvu ya kuandika, na huenda kwao karatasi ya kujaza ni msaada mkubwa. Lakini huduma hiyo hawaitozi chochote, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo thamani yake.

Mzee, aliyekuwa akipanga karatasi nyuma ya pazia, alitoka akavuta kigoda. Aliniuliza, “Binti yangu, huyu nduguyo saa saba mchana alikuwa akifanya nini?” Nilishangaa, kwa kuwa katika mambo yote aliyoweza kuniuliza, hilo ndilo nililokuwa na jibu lake kamili.

Kaka yangu alikuwa fundi wa majokofu na mitambo ya baridi, na kibanda chake kilikuwa Mwembe Tayari. Baba yetu alipofariki, kaka alikuwa kidato cha tatu. Aliondoka shuleni mwezi uleule, akaenda kumshikia fundi mmoja vifaa, na kwa miaka iliyofuata sisi wadogo zake watatu tulisomeshwa kwa gesi na mabomba ya shaba. Mama alipoanza kutumia dawa za shinikizo la damu, daktari alisema azinywe baada ya chakula, na mama ni mtu asiyeweza kula peke yake. Ukimwachia sahani huifunika akakuambia kuwa ameshakula. Kwa hiyo kila siku ilipokaribia saa saba kaka alilifunga sanduku la vifaa, akanunua papai au ndizi za kisukari, akapanda matatu mpaka kivukoni, akavuka kwa feri, akatembea dakika kumi hadi nyumbani, akakaa mkekani mpaka mama amalize kula na kumeza vidonge mbele yake, kisha akarudi kazini kabla ya saa tisa na nusu. Hata daraja la waendao kwa miguu lilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2021 aliendelea kupanda feri, akisema kuwa kwenye feri mtu husimama mahali pamoja na bado akafika. Wateja wake walijua kwamba jokofu likizima mchana, ni heri kusubiri. Mwendo huo aliuendesha kwa miaka kumi na mmoja, na siku ambazo sisi wengine tulimpokea zamu huenda hazifiki arobaini.

Nilimweleza mzee pia mambo ambayo karatasi ya kujaza haikuwa na nafasi yake: kwamba kaka alikuwa mkali akiulizwa anakwenda wapi, kwamba simu yake alikuwa akiiacha ndani ya sanduku la vifaa na kutusababishia wasiwasi, kwamba mwezi wa Ramadhani hakumtoza ujira jirani yeyote ambaye jokofu lake limeharibika, ila aliwatoza bei kamili mwezi mosi wa Shawali bila aibu. Mzee alicheka kwa hilo la mwisho, akamwambia kijana aandike yote. Nadhani nilikaa hapo saa nzima na nusu, na hakuna aliyenihimiza niondoke, ingawa wateja wawili wa kadi za harusi walikuwa wamesimama mlangoni. Kama tathmini hii ingehusu mazungumzo hayo pekee, ningelipa duka hilo sifa zote nilizonazo.

Ushauri wa pili wa mzee ulihusu Yasini. Mimi nilikuwa nimewaza kijitabu kimoja: upande wa kulia kifunguke Kiarabu, Sura nzima na dua baada yake, na upande wa kushoto kifunguke wasifu kwa Kiswahili, na maandishi mawili hayo yakutane katikati. Jambo hilo linawezekana, na mzee alinionyesha mfano aliowahi kuutengeneza, wenye majalada mawili na kila moja likidai kuwa ndilo la mbele. Lakini alinishauri nisifanye hivyo. Kwanza, jamaa wengine hawapendi picha ya mtu ikae katika kijalada kimoja na aya za Mungu, na siku ya hitima si siku ya kuanzisha mjadala huo. Pili, kijitabu chenye aya hakitupwi wala hakiwekwi popote ilimradi, ilhali wasifu watoto wataushika kwa mikono yenye mafuta ya mahamri, na ni vizuri waushike. Hivyo tukatenganisha: Yasini bila picha, yenye jina la marehemu na ombi la dua katika ukurasa wa ndani, na wasifu peke yake.

Kwa upande wa Yasini sina la kulalamikia. Duka hilo halichapi upya maandishi ya Kiarabu kwa kompyuta. Lina kurasa zilizokaguliwa zamani na walimu, nazo ndizo zinazotumika kila mara, ili irabu isije ikahama katika mojawapo ya zile aya 83. Niliuliza kama ninaweza kuongezewa ukubwa wa herufi kwa ajili ya wazee, wakaniambia kuwa inawezekana kwa kuongeza kurasa nne, na bei ikapanda kidogo. Nilikubali, na siku ya hitima niliona miwani kadhaa zikibaki mifukoni.

Sasa nije kwenye picha, ambayo ndiyo iliyonitoa machozi dukani, na si machozi ya huzuni peke yake. Kaka hakupenda kupigwa picha. Tulizokuwa nazo ni ile ya kitambulisho, picha moja ya karatasi iliyopigwa katika harusi ya binamu yetu miaka mingi iliyopita, na nyingine chache zilizokuwa zikizunguka katika simu za jamaa. Hapa pana funzo ambalo lingeniokolea siku mbili kama ningelijua mapema: picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, hivyo katika simu inaonekana nzuri lakini ikichapwa kwenye jalada inakuwa kama imepigwa nyuma ya chandarua. Kijana alinieleza kwamba aliye na picha ya asili aitume kama faili, au alete simu yenyewe dukani. Kwa ile ya harusi aliniambia nisiipige kwa simu kabisa, nimletee karatasi yenyewe aiweke kwenye skana, na hapo alikuwa na haki: maua madogo ya kofia ya kaka, aliyoishona mama kwa mkono, yalionekana uzi kwa uzi.

Lakini niliporudi kuiangalia, kijana alikuwa ameifanyia kazi kupita kiasi. Kanzu ilikuwa imegeuzwa koti na tai. Nyuma yake palikuwa na mawingu yenye miale ya jua. Uso ulikuwa umesafishwa ukawa mweupe kuliko uso wa mtu yeyote wa ukoo wetu, na kovu lililokuwa juu ya nyusi ya kushoto lilikuwa limefutwa. Kovu hilo ni mimi niliyelisababisha. Nilikuwa na miaka minne, nilikuwa nikiuchezea mlango wa bati wa uani siku ya upepo wa kusi, na kaka alikitia kichwa chake kati ya mlango na mimi. Kwa miaka yote iliyofuata, kila nilipomkosea, alikuwa akiligusa kovu hilo kwa kidole bila kusema neno, na kesi yangu ikawa imekwisha.

Nilimwambia kijana arudishe kila kitu. Alijitetea kwamba wateja wengi ndivyo wanavyotaka, kwamba familia hufurahi kumwona marehemu wao amependeza, na sina shaka kuwa anasema kweli, kwa kuwa nimeziona picha za aina hiyo katika nyumba nyingi. Hata hivyo duka linapaswa kuuliza kwanza. Mtu aliyefiwa hana moyo wa kupigania nyusi ya ndugu yake mbele ya wateja wengine, na mwingine aliye mnyonge kuliko mimi angeipokea picha ile, akailipia, na baada ya miaka watoto wangekuwa na mjomba mwenye tai. Kwa sifa yao, walirudi kwenye picha ya skana, wakaondoa mikwaruzo tu na doa la chai lililokuwa pembeni, wakaiacha kanzu, rangi na kovu, wala hawakunitoza kwa mara ya pili.

Prufu ya maandishi, yaani nakala ya kusomwa na kusahihishwa kabla ya kuchapa, niliipata siku mbili baadaye, na hapo ndipo palipokuwa na kosa kubwa kuliko yote. Mama yetu husema Kimvita, kaka alikuwa akisema Kimvita, na ami yetu aliyetunga beti za mbolezi, yaani shairi la kumwomboleza kaka, alizitunga kwa Kimvita kama watunzi wa mji huu walivyofanya tangu enzi za Muyaka bin Haji. Kijana alikuwa amesahihisha yote. Nilihesabu maneno 17 yaliyobadilishwa: mato yamekuwa macho, kitwa kimekuwa kichwa, ndia imekuwa njia. Sentensi ya mama ilikuwa imeandikwa “nimemzaa mimi” na “mchanga”, na nilipoisoma kwa sauti niliisikia sauti ya mtangazaji wa habari za saa moja.

Kijana alisema, “Dada, hiki ndicho Kiswahili sanifu.” Nilimjibu kwamba nakijua, kwa kuwa ndicho ninachokiandika hata sasa, na kwamba mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kukiacha Kimvita ulifanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928, lakini mama yangu hakualikwa. Kisha nikamuuliza kuhusu barabara iliyo hatua chache kutoka hapo alipokaa, ambayo watalii huipita kila siku wakielekea Ngome ya Yesu: kama kila ndia ni kosa, mbona Ndia Kuu hajaisahihisha? Nilisikia mzee akicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa.

Beti za ami ziliumizwa kwa njia nyingine pia. Hebu niweke ubeti mmoja hapa ili msomaji aelewe nilichokuwa nikikilalamikia:

Kila mtana wa jua, kivukoni husimama,
Mkobani atukua, dawa na tunda la mama,
Kwa upepo na kwa mvua, hakuteta hakukwama,
Ndia yake twaijua, mwendo wake umekoma.

Mstari una mizani 16, nane kwa nane, na vina vyake ni viwili, cha kati na cha mwisho. Katika prufu, mtana ulikuwa mchana, atukua ilikuwa achukua na ndia ilikuwa njia. Mtu anaweza kusema kuwa hakuna kilichoharibika, maana mizani zilibaki zilezile na vina vilibaki mahali pake, na kijana alisema hivyo hasa. Lakini ami si mtu wa kusema “achukua”, na yeyote aliyemsikia akighani angejua papo hapo kuwa kuna mwingine aliyetia mkono. Kibaya zaidi, beti zilikuwa zimewekwa katika safu nyembamba kandokando ya picha, hivyo kila mstari ulikatika baada ya neno la tatu au la nne, kina cha kati kikaishia mwanzo wa mstari wa pili na cha mwisho kikaning’inia chini peke yake. Shairi liligeuka tangazo la biashara. Mzee mwenyewe ndiye aliyekubali kosa hilo kabla sijamaliza kueleza. Aliamuru beti zipewe ukurasa mzima, herufi zipunguzwe kidogo, kila mshororo ukae mstari mmoja, na baina ya vipande viwili pawekwe nafasi ili jicho lione palipo na pumzi.

Marekebisho hayo yaliongeza ukurasa, nao uliongeza tatizo lingine ambalo mteja yafaa alijue. Kijitabu cha kupigwa pini katikati hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Maandishi yetu sasa yalijaza kurasa 14, basi tukawa na kurasa 16 na mbili kati yake ni tupu. Kijana alipendekeza maua. Mimi nilipendekeza orodha ya majina ya wajukuu. Mzee aliuliza, “Mama anasoma herufi gani?”

Sikuwa nimelifikiria, na niliona haya. Mama hakuingia shule ya serikali. Alisoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, akahitimu msahafu, na kama wanawake wengi wa umri wake katika mji huu, Kiswahili hukisoma na kukiandika kwa hati za Kiarabu. Herufi za Kirumi anazijua za kutosha kutambua nambari za matatu na jina la dawa. Nilikuwa ninatengeneza kijitabu cha mwanawe ambacho yeye angehitaji kusomewa. Mzee alisema kwamba kuchapa kwa kompyuta sentensi ya Kiswahili katika hati hizo ni kazi yenye usumbufu, kwa kuwa Kiarabu hakina herufi za v, p wala ch, na irabu zake fupi ni tatu ilhali zetu ni tano, hivyo kila mwandishi ana namna yake ya kuzitofautisha. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walitoa mapendekezo ya utaratibu kamili wa kuandika hivyo mwaka 1997, wakiufuata msingi wa Kiswahili cha mji huu, lakini programu za kompyuta ya dukani hazikuwa na alama hizo zote. Basi mzee alichukua kalamu ya wino mweusi, akaandika sentensi ya mama kwa mkono wake juu ya karatasi nyeupe, akaiweka kwenye skana, na ikawa ukurasa wa mwisho, yaani ukurasa wa kwanza kwa mtu anayefungua kutoka kulia. Mji huu una historia ya kuchapisha kwa lugha mbili mahali pamoja. Gazeti la Al-Islah la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui lilitoka hapa mwaka 1932 kwa Kiswahili na Kiarabu. Hata hivyo sikutarajia kuyakuta mazoea hayo katika duka linaloishi kwa kadi za harusi na risiti. Ukurasa mmoja uliosalia tuliuacha mtupu.

Kuhusu karatasi, kurasa za ndani ni za gramu 130, ngumu kiasi cha kutosha ili picha isionekane upande wa pili, na jalada ni la gramu 300 lililopakwa plastiki isiyong’aa. Nilishauriwa nisichukue ile inayong’aa kwa sababu ya unyevu wetu wa baharini, ambao huzifanya karatasi hizo zigandane zikipangwa pamoja, nami nimeona albamu za harusi zilizokufa kwa njia hiyo. Ukataji ulikuwa sawa isipokuwa katika nakala nne, ambazo ukingo wake wa chini uliingia kidogo katika nambari za kurasa, zilibadilishwa nilipozirudisha. Pini hazijashika kutu mpaka leo, ingawa bado ni mapema kusema.

Kwa wakati hawakufanya vizuri. Kazi iliahidiwa kuwa tayari Jumanne, nikavuka kwa feri kwenda kuichukua, nikaambiwa kesho, nikavuka tena Jumatano, nikaambiwa umeme ulikatika usiku, na hatimaye nikaipata Alhamisi baada ya alasiri, wakati hitima ilikuwa Jumamosi. Simu moja ingeniepusha safari mbili, na walikuwa na nambari yangu kwa sababu waliitumia kunikumbusha malipo. Kwa mtu mwenye hitima mbele yake, nashauri atoe tarehe ya uongo, siku tatu kabla ya ile ya kweli.

Gharama ni hizi. Yasini nakala 150 kwa shilingi 90 kila moja, jumla shilingi 13,500. Wasifu nakala 60 kwa shilingi 280 kila moja, jumla shilingi 16,800. Kazi ya picha shilingi 1,500. Jumla yote ni shilingi 31,800, nusu ilitangulizwa na nusu ililipwa siku ya kuchukua, kwa M-Pesa, na nilipewa risiti. Hati ya mzee haikuandikwa katika risiti hiyo; nilipouliza, alisema kuwa wino ni wa kwake. Yapo maduka yaliyonitajia bei ya chini kwa theluthi nzima, kwa karatasi nyembamba na bila prufu. Mtu asiyekuwa na fedha asijilaumu kwa kwenda huko, ila aisome kazi yake neno kwa neno kabla haijachapwa, kwa kuwa nakala 60 zenye jina lililokosewa haziwezi kuitwa tena.

Siku ya arobaini Yasini zilisomwa zikarudishwa kwenye kikapu, na nyingi tumezipeleka msikitini. Vijitabu vya wasifu havikurudi hata kimoja. Ami alisimama akaghani mbolezi yake kutoka ukurasa wa tisa bila kukosea mshororo, na wateja wawili wa Mwembe Tayari, ambao hatukuwa tunawajua, waliomba nakala za kupeleka kibandani, ambako kijana aliyekuwa akimshikia kaka vifaa bado anaendelea na kazi. Mama alipewa chake usiku, watu walipopungua. Alikifungua kutoka kulia, akasoma sentensi yake mwenyewe kwa sauti ya chini akifuata kwa kidole, kisha akauliza ni nani aliyeandika, maana mkono wake ulikuwa wa mtu aliyesoma chuo cha zamani. Baadaye akageuza upande wa pili akaikuta picha, akaitazama kwa muda, na akaweka kidole juu ya nyusi ya kushoto.

Nakala 60 zilikuwa chache kwetu, na hilo ni kosa langu. Wiki iliyopita nilirudi dukani kuagiza 20 nyingine kwa bei ileile, shilingi 5,600. Kijana alilifungua faili, akaniuliza kabla ya kugusa kitufe chochote kama kuna neno ninalotaka libadilishwe. Nilimwambia halipo, akachapa.